Barua kwa Mwanaidi

Kolo, Kondoa, Jumapili jioni

Ndugu yangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, mama na mguu wake ndio hivyo hivyo, mbaazi zimekubali. Najua nimekaa kimya tangu Idd, unisamehe. Leo kilichonishikisha kalamu ni mdogo wako.

Alhamisi alipita hapa na wenzake wawili kwenye pikipiki, wana sururu na kile kimashine cha kutafutia madini. Eti kuna mtu kawapa ramani, Mjerumani alifukia mali chini ya mwamba wakati anakimbia vita. Mwanaidi, hadithi hiyo si tumekua nayo? Watu wangapi wamechimba pale Mungomi, chini ya ule mwamba wenye michoro ya kale, na nani tuliyemwona karudi na chochote zaidi ya malengelenge? Nilimwuliza hivyohivyo. Akamaliza chai yake, akaaga kwa adabu, wakapanda mlimani.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Michoro yenyewe anasema hataigusa, na namwamini. Lakini vumbi la sururu linapanda na kuganda ukutani, juu ya wale twiga na wale watu wembamba wekundu. Na udongo wa pale chini si udongo tu. Umelala tabaka juu ya tabaka, una vijiwe vilivyochongwa na mifupa ya vilivyoliwa, na mtaalamu anasoma humo nani alitangulia na nani alifuata. Ukishauchanganya kwa asubuhi moja, hakuna wa kuurudisha. Mama Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, alipokuja 1951 kunakili michoro alikuta mingi imeshafifia. Sisi tunaongezea mashimo!

Halafu kuna sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda michoro yote ya miambani iliyochorwa kabla ya 1863, na kufukua bila leseni ni kosa. Tangu 2006 miamba hii imo kwenye Urithi wa Dunia. Ila eneo ni kilomita za mraba zaidi ya 2,000, mapango yametapakaa hadi Pahi na Thawi. Askari gani atasimama kwenye kila jiwe? Jiwe linalindwa na anayelala chini yake, yaani sisi, na huyo kijana wetu.

Wapo wanaolaumu wazee kwa pombe ya tambiko, kwamba ikirushwa ukutani inaharibu rangi. Hilo nalo ni kweli, na wazee wanaweza kuambiwa wamwage pembeni. Lakini wao wanapanda kuomba mvua, na heshima yao ndiyo iliyowafukuza wengi wenye sururu. Siwezi kuwaweka kapu moja na mchimbaji.

Narudi kwa mdogo wako. Mimi ni jirani tu, wewe ndiye uliyemlea. Mpigie kabla ya Ijumaa, maana nasikia wanarudi na watu zaidi. Usimgombeze, ana deni la pikipiki, nadhani ndilo linalomsukuma.

Je, amekwambia lolote kuhusu huyo mwenye ramani? Ni mtu wa Dodoma mjini? Deni limebaki kiasi gani, tukichanga na Baba Salma linaweza kupungua? Unamkumbuka mwalimu wetu alivyotushika mikono tusiguse ule ukuta, na mdogo wako kabebwa mgongoni kwako? Mkumbushe siku hiyo. Na utakuja lini?

Wako,
Mama Salma