Shoga, naomba nikuletee Neema likizo hii

Mama Kelvin shoga yangu, mwangaluka. Habari za Nansio, watoto, mzee wa hapo, na lile goti? Sisi huku Mabatini wazima, dagaa wamepanda bei ila tunakula. Tangu msiba wa kina Sele hatujaongea vizuri, na hili nililonalo haliongeleki kwenye simu mwenyewe akiwa sebuleni, bas nimeona nikuandikie tu.

Ni Neema. Kaingia kidato cha pili af kabadilika yaani simtambui. Jua la saa nane anarudi na sweta la shule, vifungo kafunga mpaka shingoni, jasho linamtiririka puani, ukimwambia vua anakwambia nasikia baridi. Mwanza hii! Mi najua anaficha kifua. Akishuka kituoni hapandi njia ya kawaida, anazunguka kule juu kwenye mawe anapenya nyuma ya vyoo vya watu, ili tu asipite kijiwe cha bodaboda pale kwa mangi. Daladala ikija anachungulia kwanza, akiona wanafunzi wa kwao siti ya nyuma anaiacha iende, ndo maana anachelewa kila siku. Kwaya kaacha, na sauti yake unaijua. Anasema akisimama mbele kanisa zima linaangalia chunusi zake.

Humu ndani jibu ni moja, kuanzia baba yake mpaka bibi: nani akuangalie wewe, una nini cha kuangaliwa? Hilo jibu silipendi kabisa shoga. Mtoto analia halafu unamwambia hana cha kuangaliwa, sa hapo umemsaidia au umemmaliza?

Mdogo wangu Anna, yule anayesoma ualimu SAUT, kaniambia hii kitu wataalamu wanaijua siku nyingi. Kuna Mmarekani anaitwa David Elkind aliandika mwaka 1967 kwamba kijana wa umri huu muda wote anajifikiria yeye, mwili wake, sura yake, af anaamini na wengine wote wanamfikiria yeye hivyo hivyo, kwahiyo anatembea na watazamaji kichwani hata akiwa peke yake. Na kuna mwingine, Gilovich, yeye na wenzake mwaka 2000 waliandika jinsi walivyowavalisha wanafunzi wa chuo fulana yenye picha kubwa ya mwimbaji ambaye vijana walimuona wa aibu, wakawaingiza kwenye chumba chenye wenzao. Aliyevaa alidhani karibu nusu ya waliomo wamemtambua yule mwimbaji, kumbe ni kama robo tu. Nikafurahi, nikamsimulia Neema tukichambua dagaa. Akanyamaza weee, af akauliza, "Kwahiyo mama, robo waliona?"

Nilikosa la kusema. Maana hajakosea, mtaa wetu huu watu wanaangalia kweli, mama wa genge anajua nani kanenepa nani kakonda, na wale vijana wa kijiweni wanaongea kwa sauti mtoto asikie. Halafu kuna simu. Muhula uliopita binti mmoja wa shuleni kwao alichafuka sketi, mwenzake akampiga picha, jioni ile picha ilishazunguka magrupu yote ya WhatsApp. Haikuwa Neema. Ila tangu wiki ile ndo sweta halivuliwi. Sa mi nikimwambia haya yako kichwani tu, atanisikiliza tena lini? Yapo kichwani na yapo njiani pia, yote mawili, na humu ndani hakuna anayetaka kukubali hivyo.

Ndo nikakukumbuka wewe. Darasa zima ulikuwa unatuzidi kichwa na shingo, unatembea umekunja mgongo, picha zote za shule umechuchumaa, mpaka mwalimu akadhani unaumwa. Na leo nikikuona sokoni umenyooka vile, unapiga kelele na wachuuzi, siamini ni yule yule. Mimi sikupitia hayo, nikiongea naye anaona nabahatisha. Wewe atakuamini. Naomba akae kwako likizo ya mwezi wa sita. Najua huko mgeni ndo anaangaliwa zaidi, hilo nimelifikiria, ila silengi kumficha, nataka akae karibu na mtu anayejua inavyouma. Usimhubirie tu, mtume sokoni, mpikishe, mengine yatakuja yenyewe.

Hivi wewe ilikuachia lini? Kuna mtu alikwambia neno au ulichoka tu kujikunja? Mama yako alikuwa anasemaje? Lile sweta nimfiche nyumbani au nimwache aje nalo? Na Kelvin atakuwepo? Maana kukiwa na mvulana wa rika lake humo ndani hilo sweta halitoki ng'o. Meli ya asubuhi na ya mchana ipi haijai sana? Nijibu kwa meseji, usipige, simu yangu anaishika yeye jioni.

Mama Neema