Barua ya wazi kwa vijana wavuvi wa Kibirizi walioacha mkesha wa maombi

Wanangu wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Nimesikia kwamba mkesha wenu wa Ijumaa umekoma, na kwamba baadhi yenu mnasema mmemwombea mwenzenu mgonjwa mwaka mzima bila kuona badiliko lolote. Siwaandikii kuwakaripia, maana uchovu huo naujua.

Mbalamwezi ikiwaka, taa zetu hazivuti dagaa, nasi hukaa ufukweni tukishona nyavu, wala hakuna anayesema ziwa limekufa. Hata Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, mliitunza mitumbwi yenu mkijua mtarudi majini. Mbona kwa Mungu subira yetu ni fupi hivyo?

Someni tena Luka 18. Wengi humsoma yule mjane, aliyemwendea kadhi, yaani hakimu, tena na tena akidai haki yake, kana kwamba Yesu anatufundisha kumchosha Mungu mpaka akubali, ilhali kadhi yule alikuwa dhalimu, na Bwana anamtaja ili tuone jinsi Baba yetu asivyofanana naye. Mjane hakuwa na hongo wala mtu wa kumsemea. Alichokuwa nacho ni kule kuja kwake tu. Na tazameni kinachofuata katika sura hiyohiyo: Farisayo anayehesabu kufunga kwake mara mbili kwa juma, na mtoza ushuru anayejipiga kifua akiomba rehema. Naamini Luka hakuziweka habari hizo pamoja bure, kwa kuwa anayedumu katika maombi huweza, asipojiangalia, kuanza kuhesabu mikesha yake kama deni ambalo Mungu anapaswa kumlipa.

Mimi nilianguka hapo. Kwa miaka tisa niliomba mke wangu apone mguu, na kila nilipopiga magoti nilimkumbusha Mungu jinsi tulivyomtumikia, mpaka usiku mmoja mke wangu mwenyewe akaniambia, “Baba, acha kumhesabia Mungu kazi zetu, mwambie tu kwamba tumeishiwa.” Tangu usiku ule sala yangu ikawa fupi, nami nikaweza kuirudia kila siku pasipo kinyongo. Mguu haukupona, naye alilala katika Bwana akiwa bado anauburuta. Paulo naye alisihi mara tatu kwa ajili ya mwiba wake, yale mateso ya mwilini, ukabaki, akapewa neno kwamba neema inamtosha. Neno hilo nililielewa nikiwa kando ya kitanda cha mke wangu, si nilipokuwa nikilihubiri.

Basi Ijumaa hii nitakuwa kanisani kuanzia saa tatu usiku. Watakaokuwa ziwani waombe humohumo chomboni, wakati wanaposubiri dagaa wakusanyike kwenye taa. Jumamosi asubuhi twende sote kwa mgonjwa wetu, tuketi naye, tumwulize yeye mwenyewe angependa tumwombee nini.

Mimi mzee wenu katika Bwana,
Kigoma