Ngozi ya dubu na miiba ya nungunungu

Washington, Jumapili jioni

Somo yangu,

Salaam nyingi. Mama hajambo, na ule mguu umepata nafuu? Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo inatutoa roho.

Jana nilikwenda makumbusho ya Smithsonian kuona picha za George Catlin, yule mchoraji aliyepanda mto Missouri mwaka 1832 mpaka kituo cha biashara ya ngozi cha Fort Union, akawachora Wablackfoot, watu wa asili wa Amerika Kaskazini. Wenyewe hujiita Niitsitapi. Kuna moja imeninasa: mganga wao anamshughulikia mtu aliyepigwa risasi, na uso wake huuoni! Kajivika ngozi nzima ya dubu wa manjano, kichwa cha dubu ndicho kinyago chake. Mwilini zinaning'inia ngozi za nyoka, vyura na popo, midomo ya ndege, kwato za paa. Mkono mmoja kayamba, mwingine mkuki. Catlin aliandika kwamba mganga alirukaruka na kunguruma nusu saa na zaidi, umati kimya, mpaka majeruhi akakata roho.

Na baadaye Catlin akalipata vazi lile zima, akalitia kwenye mkusanyiko wake, ule uliokwenda kuonyeshwa mpaka London kwa kiingilio. Hapo nilinuna. Kwa watu wale kitu kitakatifu hupokezanwa kwa ibada, mtunzaji kwa mtunzaji. Kule Alberta, Kanada, ilibidi itungwe sheria mwaka 2000 ndipo makumbusho yarudishe vya wenyewe.

Lakini wewe ungeganda kwenye picha ya chifu wao, Stu-mick-o-súcks. Shati la ngozi, kifuani duara kubwa lililodariziwa kwa miiba ya nungunungu. (Nungunungu wao ana miiba midogo, si kama hii yetu ya kuchomea watu.) Wanawake waliilainisha kwa mate mdomoni, wakaibana kwa meno mpaka ikawa bapa, ndipo wakashona. Na si kila mwenye sindano: ilikuwa kazi takatifu, mtu hufundwa kwanza na waliomtangulia. Nikakuona wewe na kofia zako za viua, uzi mdomoni, mtu akikusemesha unajibu kwa kope.

Nimekununulia kadi yenye picha hiyo. Itazame kwa jicho la fundi uniambie: lile duara walianzia katikati au ukingoni? Mimi niliinamia mpaka mlinzi akanikoholea.

Wako,
Somo