Risala ya Klabu ya Afya kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Afya, tunakushukuru kwa kukubali kuwa nasi leo, Mei 31. Wengi wetu hapa ni watoto wa wakulima wa tumbaku wa mkoa huu wa Tabora. Sare tulizovaa zimenunuliwa kwa fedha ya majani yaliyokaushwa kwenye mabani, na kizunguzungu kinachompata mtu aliyeshinda akichuma majani yenye umande tunakifahamu, kwa kuwa tumewaona mama zetu wakirudi nacho nyumbani. Kwa hiyo, risala hii haikuandikwa ili kumlaumu mkulima.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Kampuni zinazoiuza hufanya biashara katika nchi nyingi kwa wakati mmoja, na nchi moja ikitunga sheria kali peke yake, hujikuta ikipambana na mpinzani mwenye mawakili wengi na fedha nyingi kuliko wizara yake ya afya. Ndiyo sababu tumechagua kuzungumzia miungano ya asasi za kiraia inayovuka mipaka, ambayo haitafuti faida na ambayo mchango wake hausimuliwi vya kutosha.

Mkataba wa Kimataifa wa Kudhibiti Tumbaku ulipokuwa ukijadiliwa mjini Geneva kati ya mwaka 2000 na 2003, asasi kutoka pande zote za dunia ziliungana chini ya jina la Framework Convention Alliance. Hazikuwa na kura, lakini zilikuwepo. Ziliweka saa iliyohesabu watu waliokufa kwa tumbaku tangu mazungumzo yaanze, ili wajumbe wapite mbele yake wakielekea ukumbini. Zilichapisha jarida la kila siku, na ndani yake mjumbe aliyetetea afya alipewa ua la okidi, huku aliyevuta mambo nyuma akipewa kibakuli kichafu cha majivu ya sigara. Nchi za Afrika, ambazo wengi walidhani zingegawanyika kwa sababu baadhi yake zinalima tumbaku, zilizungumza kwa sauti moja zikidai matangazo ya sigara yapigwe marufuku kabisa. Mkataba ulipitishwa Mei 2003, na Tanzania iliuridhia mwaka 2007. Hata Malawi, ambayo uchumi wake umeegemea tumbaku kuliko wetu, ilijiunga mwaka 2023.

Kazi haikuishia kwenye saini. Jirani zetu wa Kenya walipotunga kanuni za kudhibiti tumbaku za mwaka 2014, kampuni ya British American Tobacco ilizipinga mahakamani, na shauri likapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, iliyoitupa rufaa hiyo Novemba 2019. Katika miaka yote hiyo Serikali ya Kenya haikusimama peke yake, kwani Kenya Tobacco Control Alliance, muungano wa asasi za huko, uliingia katika shauri kama mhusika mwenye maslahi. Kwa bara zima upo African Tobacco Control Alliance, wenye makao yake Lomé, Togo, na kwa njia ya miungano kama huo asasi za nchi moja hujifunza kutoka kwa zile zilizokwisha kushinda.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna ombi moja kubwa. Katika maduka mengi ya mtaani, pakiti ya sigara iliyofunguliwa huwekwa karibu na peremende, sigara zikauzwa moja moja, na kiberiti kikawa kimefungwa kwa kamba pembeni. Onyo limeandikwa kwenye pakiti, lakini mnunuzi wa sigara moja pakiti hiyo haishiki, na mtoto aliyetumwa na mkubwa hupewa bila kuulizwa umri. Uganda ilikataza uuzaji wa namna hiyo katika sheria yake ya mwaka 2015. Sheria yetu ni ya mwaka 2003, yaani ilitungwa kabla hatujauridhia Mkataba. Tunakuomba utufikishie kwa wanaohusika ombi la kuitazama upya, na asasi za Tanzania zinazosukuma jambo hili zisikilizwe mapema, kabla wenye viwanda hawajawahi.

Vilevile, Ibara ya 17 ya Mkataba inazitaka nchi kuwasaidia wakulima kupata mazao mbadala yenye tija. Wazazi wetu wanahitaji mbegu, mkopo na mnunuzi wa uhakika kabla ya kuambiwa waache zao wanalolijua. Katika kaunti ya Migori nchini Kenya, wakulima wa tumbaku wamesaidiwa kuhamia kwenye maharage na wakatafutiwa soko. Tungefurahi kama maofisa ugani wetu wangepelekwa huko kuona.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.