Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mipango Miji: kabla ya kupanua barabara, turuhusu duka

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia nikiwa mkazi wa viungani, kwenye mtaa wa nyumba za kuishi tu, ule ambao kwenye ramani za ofisi yako umepakwa rangi moja mwanzo hadi mwisho. Nasikia dawa iliyopatikana ya foleni yetu ya asubuhi ni kuipanua barabara kuu iendayo mjini. Majirani wengi wamefurahi. Mimi sijafurahi, na naomba unisikilize kabla mkandarasi hajaitwa.

Foleni ile haianzii barabarani. Inaanzia kwenye kanuni ya matumizi ya ardhi inayosema kwamba hapa watu walale, na mengine yote wakayafanye kwingine. Mtu akiishiwa dawa ya kikohozi, awashe gari. Mtoto akitaka daftari, gari. Kubadilisha zipu, kunyoa, kutoa nakala ya kitambulisho, gari, gari, gari. Simama kwenye makutano yetu jioni uwaulize madereva wanakokwenda. Wapo wanaotoka kazini, ndiyo, lakini katikati yao wamo wengi wenye vijisafari ambavyo vingemalizwa kwa miguu, kama kungekuwa na mahali pa kuendea. Na hao ndio wenye bahati. Bibi asiyeendesha, kijana ambaye hajafikia umri wa leseni, mama ambaye gari la nyumbani limeondoka na mwenzake alfajiri, hao wote hukaa ndani wakisubiri kubebwa.

Hili la kupanua barabara limeshajaribiwa na watu wenye fedha kuliko sisi. Houston, Marekani, barabara ya Katy ilipanuliwa, kazi ikakamilika mwaka 2008, na sehemu zake zikafikia njia 26 ukihesabu na zile za pembeni. Haikupita miaka mingi safari za saa za msongamano zikawa zinarefuka tena. Mwaka 2011 wanauchumi Gilles Duranton na Matthew Turner walichapisha utafiti wao kuhusu miji ya Marekani, wakaonyesha kwamba ukiongeza barabara kuu, mwendo wa magari nao huongezeka karibu kwa kiwango kilekile. Sababu yake haihitaji shahada. Aliyekuwa akiondoka alfajiri ili aikwepe foleni atalala kidogo zaidi. Aliyekuwa akipanda basi atalitoa gari lake. Naye muuza viwanja atasogea mbele zaidi, akiwaambia wateja kwamba mjini si mbali tena, na baada ya muda hao wateja watapita mlangoni petu kila asubuhi. Huko ni kutwanga maji kinuni, tena kwa fedha za walipa kodi.

Najua kanuni ya kutenga makazi haikuletwa kwa ubaya. Viwanda vilikuwa vikitoa moshi na kelele kando ya vyumba vya kulala watoto, na watu walikuwa na haki ya kulindwa. Mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya kijiji cha Euclid huko Ohio, ilikubali kwamba serikali ya mtaa ina mamlaka ya kugawa maeneo kwa matumizi, na mtindo huo ukashika mizizi nchini humo. Sawa. Lakini cherehani haina bomba la moshi. Kinyozi hamwagi kemikali mtoni. Kanuni iliyotungwa kwa ajili ya kiwanda sasa inamfukuza fundi viatu, na sidhani kama kuna aliyekaa akalipima hilo. Nadhani ilinakiliwa tu kutoka faili moja hadi jingine.

Japani wamelipima. Kule, hata katika daraja la makazi lenye masharti makali kuliko yote, mtu anaruhusiwa kuwa na kiduka ndani ya nyumba yake, mradi nusu ya nyumba au zaidi ibaki ya kuishi, na sehemu ya biashara isizidi mita za mraba 50. Zahanati na shule ya msingi pia zinaruhusiwa katika daraja hilohilo. Tazama ujanja uliomo kwenye kipimo hicho: kinamkubali mwenye duka anayelala juu ya duka lake, ambaye naye hapendi kelele usiku, na kinaifungia mlango biashara kubwa inayohitaji uwanja wa kuegesha magari na malori ya kushusha mizigo. Kanuni fupi kama hiyo inaweza kuandikwa kwa wiki moja.

Nawajibu hapahapa majirani zangu watakaosema nimekuja kuwaharibia utulivu. Utulivu ndio ulionileta mimi pia. Ila msongamano wa magari yanayonguruma langoni kuanzia alfajiri si utulivu. Baa yenye muziki, gereji, karakana ya kuchomelea vyuma, hizo zibaki zimekatazwa, na nitakuwa wa kwanza kutia saini. Saa za kufunga ziwekwe, na atakayezivunja anyang'anywe kibali.

Kuna jambo la pili, dogo, ambalo halihitaji hata kubadili kanuni. Mitaa yetu imechorwa kwa vipande vilivyozibwa mwisho, kila kimoja kikiwa na lango lake kwenye barabara kubwa. Nyumba iliyo nyuma ya ukuta wangu naisikia ikipika, lakini kuifikia lazima nitoke hadi barabara kuu, niifuate, kisha niingie tena. Kituo cha basi kiko vivyo hivyo: karibu kwa ndege, mbali kwa mtu. Njia ya miguu yenye taa, iliyopenya mwisho wa kila mtaa uliozibwa, ingewaweka watu wengi karibu na basi bila kuongeza basi hata moja. Pale penye hofu ya wezi, njia iwe fupi, iliyonyooka, yenye madirisha yanayoielekea, si kichochoro cha kona.

Basi, Mheshimiwa, ombi langu ni hili. Usitie saini upanuzi huo kabla ofisi yako haijahesabu ni safari ngapi kati ya zinazopita pale zinazoishia katika kata yetu na kata jirani. Matokeo yabandikwe kwenye mbao za matangazo za serikali ya mtaa, tuyasome wote. Safari fupi zikionekana kuwa chache, nitakuja ofisini kwako kuuliza ni vipi niwasaidie wapimaji wa barabara. Zikiwa nyingi, tuanze na mtaa mmoja wa majaribio. Nyumba ya pembeni ya kwetu ina chumba kinachotazama barabara, na mwenyewe ni mfamasia mstaafu ambaye maombi yake ya kibali yamekataliwa.

Wako katika ujenzi wa jiji,
Mkazi wa viungani