Kuuziana bastola huku Texas: twendeni dukani tukaandikishe

Mhariri, salaam.

Naandika kuhusu kitu ambacho naona kinazidi kwetu hapa Dallas na Fort Worth. Mtu akitaka kurudi nyumbani moja kwa moja, au akifariki na familia inachangisha hela ya kusafirisha mwili, vitu vinawekwa WhatsApp. Sofa, TV, mashine ya kufulia, alafu katikati hapo unakutana na bastola, Glock imelazwa juu ya shuka la maua, chini yake imeandikwa "450 maelewano yapo". Na watu wanajibu "bado ipo?" kama wanaulizia mikrowevu.

Mi sipingi mtu kuwa na silaha, ninayo, na nimewahi kufanya kazi kaunta ya duka la silaha kwahiyo siongei ya kusikia. Ninachosema ni kimoja tu, Texas inakuruhusu kuuza kimya kimya lakini sisi tuliokuja na pasipoti ya kwingine tusiuziane hivyo, twende duka lenye leseni tulipie watuandikishe.

Najua wengi watasema sheria inaruhusu, na kweli inaruhusu. Sheria ya shirikisho inasema wakazi wawili wa jimbo moja, wote siyo wafanyabiashara wa silaha, wanaweza kuuziana bila fomu na bila mnunuzi kuchekiwa rekodi, na Texas haijaongeza sharti la kumcheki (California, Colorado, New York, Washington huko ni habari nyingine, lazima mpitie dukani). Kwa mtu aliyetoka Tanzania ambako silaha haihami mkono bila polisi kujua, hii inashangaza, anaona kama vile huku hamna sheria kabisa. Ipo bwana. Ni kosa kumuuzia mtu unayejua, au una sababu ya kuamini, kwamba haruhusiwi kumiliki. Bastola usimuuzie aliye chini ya miaka 18, na Texas yenyewe imeweka kosa la kumuuzia silaha mtu aliyelewa, nawakumbusha wale wa kumalizana mambo kwenye nyama choma.

Hiyo "una sababu ya kuamini" ndo inatubana sisi kuliko Mmarekani, maana sisi tunajuana. Mzungu akimuuzia mtu asiyemfahamu kwenye maegesho ya Walmart anaweza kusema sikujua. Wewe utasemaje? Kijana umempokea airport mwenyewe akija na viza ya shule, unajua shule aliacha, unajua yule kaka mwingine alikamatwa kwa kumpiga mkewe na alikiri mahakamani maana mlimchangia hela ya wakili. Mwenye viza ya muda, iwe ya shule, ya matembezi, hata H-1B ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi kuwa na silaha wala risasi, isipokuwa ameingia kwenye zile nafasi chache sheria imeacha, mfano awe na leseni halali ya kuwinda. Aliyepitisha muda wa viza haruhusiwi kabisa. Aliyepatikana na kosa la ukatili wa nyumbani, hata lile dogo, haruhusiwi toka 1996. Mwenye grini kadi anaruhusiwa. Mkimbizi na mwombaji hifadhi inategemea karatasi zake zinasemaje, siyo kitu cha wewe kuamulia uwani kwako.

Kuna kesi ya kijana wa Imarati aliyekuwa anasoma Florida, Rehaif, ilifika mpaka Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani 2019. Alifeli, chuo kikamwondoa, viza ya mwanafunzi ikafa, yeye akabaki na akaenda uwanja wa shabaha kupiga risasi. Hakuua mtu wala hakuiba, alishika silaha tu, akashtakiwa. Mahakama ikasema serikali lazima ithibitishe kwamba mtu alijua hadhi yake ya kukaa nchini, lakini angalia safari aliyopita mpaka kufikia hapo.

Na muuzaji je? Hapa ndo naomba watu wasome taratibu. Kwenye sheria ya uhamiaji, mgeni akihukumiwa kwa kosa la silaha anaweza kudipotiwa, na sheria imetaja kuuza kwa jina lake, siyo kufyatua tu. Grini kadi haikukingi, hata kama umekaa miaka ishirini na watoto wamezaliwa hapa hospitali ya Parkland. Kwahiyo jirani yako Mmarekani akikosea kuuza anatafuta wakili, wewe ukikosea hivyo hivyo unatafuta wakili wawili.

Kuna kingine watu hawakijui. Serikali ya shirikisho haina daftari la nani anamiliki bastola gani leo, ila silaha ikiokotwa kwenye uhalifu polisi wanatuma namba yake kwa ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, kule Martinsburg, West Virginia, na wao wanaifuata toka kiwandani mpaka duka lililoiuza mara ya kwanza, duka linatoa fomu 4473, ile anayojaza mtu akinunua silaha dukani, yenye jina la mnunuzi. Jina lako. Baada ya hapo mnyororo umekatika maana wewe uliuza kwa kupeana mkono, kwahiyo mlango unaogongwa ni wako. Ukiwa na hati ya mauziano yenye tarehe, namba ya silaha, jina na leseni ya udereva ya mnunuzi walau una cha kuonyesha. Karatasi ya dukani ni bora zaidi.

Na wale wanaonunua tatu nne na kuziuza kwa faida, nyie siyo watu binafsi tena, mnatakiwa leseni. Mwaka 2019 pale Midland na Odessa mtu aliua watu saba kwa bunduki aliyouziwa na jamaa wa Lubbock. Muuaji alishakataliwa dukani 2014 alipochekiwa rekodi, akaenda kununua kwa mtu. Yule muuzaji alipewa miaka miwili jela 2021 kwa kufanya biashara ya silaha bila leseni.

Dukani kwenyewe siyo shida. Piga simu kwanza uulize kama wanafanya transfa za watu binafsi na wanachaji kiasi gani, mara nyingi ni dola 25 mpaka 50, kubalianeni nani analipa. Nyumbani kabla ya kutoka, toa magazini, vuta slaidi nyuma, tazama ndani ya chemba kwa macho na uguse kwa kidole, iweke kwenye boksi na usiingie nayo mkononi, nimeona watu wakiingia nayo hivyo na kaunta nzima inainama. Mnunuzi anajaza 4473, asiye raia anaandika namba yake ya uhamiaji, na asijaribu kuweka tiki kwamba ni raia, hilo peke yake linaweza kumfukuzisha nchini. Duka linauliza FBI na jibu ni endelea, subiri au hapana. Wewe muuzaji usiondoke mpaka jibu lije! Ukiiacha silaha pale, wakaiingiza kwenye daftari lao alafu mnunuzi akakataliwa, na wewe utajaza fomu na kuchekiwa ndo urudishiwe mali yako.

Mnunuzi akiwa Oklahoma au kokote nje ya Texas usimpelekee wala usimpe hata bure, akiwa ndugu yako wa damu, inapita kwa duka lenye leseni na kwa bastola liwe la jimbo lake. Na kontena la Dar au Mombasa msahau kabisa, kuficha silaha kati ya magodoro ni kosa huku na kosa kule.

Nirudi kwenye misiba maana ndo panaponiuma. Marehemu alikuwa na grini kadi, mjane yupo kwa viza, na bastola iko kabatini kwenye boksi la viatu. Huyo mama kwa kawaida haruhusiwi kukaa nayo, na wala hajui. Naomba viongozi wa vyama vyetu, kwenye ile kamati mnayopanga nani atapika na nani atapokea rambirambi, mpangeni pia mmoja anayeruhusiwa kisheria, mwenye kuijua silaha, amuulize wakili wa mirathi alafu aende nayo dukani wainunue wao moja kwa moja. Watatoa bei ya chini, hilo mlijue, pengine nusu ya mliyotegemea. Chukueni hiyo hela na risiti mkabidhi mweka hazina.

Msomaji wenu,
Arlington, Texas