Mgeni na mifuko mitatu tunayoichanganya

Mhariri,

Mabishano kuhusu wahamiaji na huduma za serikali yamefika mpaka kwenye mabaraza ya kahawa hapa Malindi, na mengi yanaletwa na video za Marekani. Mmoja anasema dini imeamrisha mgeni apewe kila kitu. Mwenzake anajibu kwamba pesa za serikali ni za raia, na dini isiingizwe hapo. Wote wawili wanazungumza kana kwamba mfuko ni mmoja, ilhali ipo mitatu: kodi, michango ya bima, na zaka pamoja na sadaka. Kila mfuko una wenyewe na masharti yake.

Kuhusu Marekani, kwanza yasahihishwe yanayosemwa, kwamba mgeni akiingia tu hupewa kila kitu. Sheria iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton tarehe 22 Agosti 1996 inamtaka mhamiaji mtu mzima mwenye ukaazi wa kudumu asubiri, kwa kawaida, miaka 5 kabla ya kustahiki bima ya afya ya Medicaid au msaada wa chakula wa SNAP. Asiye na karatasi za ukaazi halali hastahiki SNAP kabisa. Anachopata hasa ni matibabu ya dharura, kwa sheria ya 1986, na shule kwa watoto wake, kwa uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1982. Wakimbizi walikuwa wamesamehewa ile miaka 5, lakini sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imewaondoa kwenye SNAP mpaka wapate ukaazi wa kudumu. Kwa hiyo kasisi yeyote wa kule anayelalamikia sheria hiyo anawasemea wakimbizi ambao serikali yenyewe ilishawahoji na kuwakubali. Na hao wasio na karatasi wanaoitwa kupe, ITEP, taasisi ya Marekani ya utafiti wa kodi, ilikadiria kwamba mwaka 2022 walilipa kodi ya dola bilioni 96.7.

Sasa turudi kwetu. Mfuko wa kodi ndio unaopigiwa kelele zaidi, na ndio mgeni asioufikia kwa urahisi. Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wasiojiweza, hutoa Sh2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, kwa nyumba zinazolea mayatima, na kwa wenye ulemavu mkubwa, na mlango wake ni kitambulisho cha Kenya. Waliofungiwa nje na sharti hilo kwa miaka mingi ni jirani zetu Wapemba, waliovua pwani hii ya Kilifi kizazi baada ya kizazi bila kuhesabiwa raia hadi serikali ilipowatambua mwaka 2023. Kabla ya hapo mzee wa Kipemba aliyezaliwa hapa hapa hakuwa na pa kuanzia. Matibabu ya dharura Katiba haikuyafungia raia peke yao: Kifungu cha 43(2) kinasema mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura. (Mtaliano mwenye nyumba Casuarina hapa Malindi naye ni mhamiaji, lakini hatujasikia akiulizwa amekula haki ya nani.)

Mfuko wa pili, SHA, yaani bima ya afya ya jamii, ni mchango. Asiye raia aliyekaa nchini zaidi ya miezi 12 anaruhusiwa kujisajili, na mkimbizi hutumia kitambulisho chake cha ukimbizi. Asiye na mshahara hukadiriwa mapato ya nyumba yake, kisha hutozwa asilimia 2.75, isipungue Sh300 kwa mwezi, na kwa kawaida hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Hesabu ya chini kabisa basi ni Sh3,600 kwa mke, mume na watoto wao. Anayelipa hizo hajasaidiwa na mtu, ameingia kwenye bima kama sisi.

Tatizo ni kwamba wengi hawaingii, na sababu ni za kawaida sana. Mkupuo ndio wa kwanza: anayefua nguo au kubeba mawe kwa kibarua cha siku hana Sh3,600 kwa wakati mmoja. Pili ni laini ya simu. Mkimbizi mara nyingi hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mwenyeji wake. Akiiandikisha nambari hiyo SHA, ile namba ya siri ya kuthibitisha humwendea mwenye laini, na siku wakikosana mgonjwa hawezi kuifungua akaunti yake mwenyewe. Tatu ni jina. Kwenye kitambulisho limeandikwa Cabdi, kwenye kadi ya kliniki Abdi, na karani wa hospitali hana ruhusa ya kukisia kwamba ni mtu mmoja. Kabla ya kubonyeza *147# ya kujisajili SHA, herufi zote zilinganishwe na kitambulisho, wategemezi waingizwe mmoja mmoja, na tarehe ya kitambulisho kwisha muda itazamwe. Aliyesajiliwa hupata huduma za zahanati na kituo cha afya hata kabla ya kulipa mchango. Ni anapopelekwa hospitali ya ngazi ya 4 kwenda juu ndipo mchango unapoulizwa.

Hapa ndipo dini, kwa mfuko wa tatu wa zaka na sadaka, ina kazi, na kazi yenyewe ina kanuni. Aya ya 60 ya Sura Tawba imewataja wanaopewa zaka kwa makundi 8. Msafiri aliyekatikiwa njiani ni mmojawapo, lakini huyo hupewa cha kumfikisha aendako, hata kama kwao ni tajiri. Mkimbizi asiye na kwao pa kurudi aangaliwe kwanza kama fakiri au maskini, ambaye haki yake haiishi anapopata nauli. Tofauti hii hupuuzwa, na matokeo yake ni noti ya Sh500 mlangoni kwa mtu anayehitaji mwaka mzima wa bima.

Tuchukue mfanyabiashara mwenye Sh2,000,000 zilizotimiza mwaka. Zaka yake ya asilimia 2.5 ni Sh50,000. Hizo ni bima za familia 13 kwa kiwango cha chini, na Sh3,200 hubaki. Siku hizi dhahabu imepanda bei, kwa hiyo wengi wakipima kwa nisabu (kiwango cha chini cha mali inayotolewa zaka) ya gramu 85 za dhahabu huonekana hawajafika. Wakipima kwa gramu 595 za fedha wanafika, na kwa maoni yetu hicho ndicho kipimo kinachomfaa maskini.

Lakini kamati ya msikiti isikimbilie kulipa bima yenyewe. Katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata pwani, fakiri humilikishwa zaka yake. Apewe pesa mkononi alipe, au aipe kamati uwakala kwa kauli yake mbele ya mashahidi, iandikwe. Deni la hospitali nalo lina mlango wake, fungu la wenye madeni, na hapo pia mdaiwa hutoa idhini kabla mdai hajalipwa. Asiye Mwislamu, mathalani Mkongo au Mrundi aliye Mkristo, hapewi zaka kwa kauli ya wanavyuoni wengi, ila sadaka ni halali yake bila shaka. Kamati yenye daftari mbili, moja ya zaka na nyingine ya sadaka, haitakwama hapo. Yenye daftari moja itagombana.

Zaka ya Fitri ni habari fupi. Ni pishi moja ya mchele kwa kila mtu, karibu kilo 2.5 hadi 3, kabla ya sala ya Idi, na kwa Shafi inajuzu kutolewa tangu Ramadhani inapoanza. Ikingojewa usiku wa mwisho, mchele hulundikana kwa majina yale yale ya kila mwaka na mpangaji mgeni wa chumba kimoja hayumo.

Ndugu zetu Wakristo nao hawakuachiwa huruma bila utaratibu. Kumbukumbu la Torati 14 inataka fungu la kumi la kila mwaka wa tatu liwekwe mjini kwa Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Sura ya 24 inamzuia mwenye shamba kurudia mganda aliousahau, kwa kuwa umeshakuwa wa mgeni, yatima na mjane. Hiyo ni sheria ya shamba, haikungoja mwenye shamba aone huruma. Parokia inaweza kutenga fungu kama hilo la bima, na kwa kuwa haina sharti la kumilikisha, inaweza kulipa moja kwa moja kwa nambari ya mwanachama.

Jambo moja halina gharama kubwa na ndilo hupotea zaidi: notifikesheni ya mtoto, yaani karatasi ya taarifa ya kuzaliwa inayotumika kuombea cheti. Mtoto akizaliwa hospitali hutolewa pale pale, akizaliwa nyumbani hutolewa na naibu chifu. Cheti cha kuzaliwa ni haki ya kila mtoto aliyezaliwa Kenya, awe wa raia au wa mgeni, na hakimpi uraia, kwa hiyo wanaohofia hilo watulie. Ndani ya miezi 6 kazi ni nyepesi. Ikipita hapo huwa ni usajili wa kuchelewa, wenye ushahidi zaidi na safari zaidi, na bila cheti mtoto husumbuka shuleni na kwenye orodha ya wategemezi wa bima. Kamati ya msikiti au parokia inayotaka kuanza mahali ianze kwa kuuliza kila mama mgeni mtaani kwake karatasi hiyo iko wapi na ina tarehe gani.

Wasomaji wenu,
Shela, Malindi